Sauti ya Kwanza Haisikiki

Huyu mzee ameniharibia Jumapili nyingi kwa shukrani. Wapo watu wanaokuharibia siku kwa matusi, na hao ni rahisi, unazima simu unaendelea na ugali wako. Yeye alikuwa anapiga baada ya misa, mimi nimeshavua shati la kanisani, nimekaa nyuma ya nyumba yetu hapa Newala nikiangalia kama maji yaliyobaki kwenye ndoo yatatufikisha siku ya zamu yetu ya maji. Simu ikilia tu, mke wangu anaingia ndani.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mtani wangu. Mama Neema hajambo? Neema naye? Maji yametoka huko juu kwenu, au bado mnanawa uso kwa zamu?"

Yeye Mmakua wa upande wa Lukuledi, mimi Mmakonde wa Chilangala, kwa hiyo kunicheka kwa habari ya maji ilikuwa haki yake, na mimi nilikuwa namrudishia kwamba Wamakua wamekaa bondeni kwa sababu walichoka kupanda kilima. Tukimaliza hapo anaanza kunishukuru. Anaishukuru kazi yangu, anamshukuru mwenzangu wa kazi hiyo, anaziombea familia zetu, na mimi nashika kichwa, maana najua baada ya shukrani kuna shida, na baada ya shida kuna yale maneno mawili ambayo mpaka leo nikiyasikia hata kwa muuza nyanya nashtuka: "ukipata nafasi".

Tulikuwa tunamwita Mwalimu, wote, ingawa mwenye kazi ya ualimu ni mimi, nafundisha hesabu sekondari. Yeye alikuwa mkulima wa korosho na mwalimu wa kwaya ya kigango, kanisa dogo la kijijini kwake, na alitunga nyimbo. Watunzi wa kwaya zetu huandika muziki kwa herufi, d r m f s l t, kila sauti na mstari wake, na kwa miaka mingi waliandika kwa mkono kwenye karatasi zilizopigwa mistari. Mimi naimba besi hapa Newala na napenda kompyuta, na wakati sijaoa nilikutana mtandaoni na vijana wengine wenye wazimu kama wangu. Tukatengeneza programu ya simu: unaandika nota zako, unabonyeza, simu inakuimbia sauti zote nne. Hatukulipwa na hatukutaka kulipwa. Watumiaji wetu ni walimu wa kwaya waliotawanyika huku na huko, si wengi. Wale vijana nao mmoja alipata kazi, mwingine akachoka, mwingine hakuaga hata kidogo. Tukabaki wawili, mimi na Zuhura, binti wa Mtwara anayetengeneza simu. Zuhura ni Mwislamu, hajawahi kuingia kwenye kwaya, lakini sehemu yote ya milio ni kazi ya mkono wake.

Mtu anayekufanyia kitu bure ni vigumu kumkosoa. Walimu wengi wa kwaya walikuwa wanatuandikia "hongereni sana, Mungu awabariki", kisha wanarudi kimyakimya kwenye karatasi zao. Wachache walituandikia kwamba programu yetu ni ya hovyo, na hao sikuwatengenezea kitu, nasema kweli. Mwalimu hakuwa wa huku wala wa kule. Alileta shida moja kwa kila simu, hata kama alikuwa nazo tano. Nilimuuliza siku moja kwa nini asizimwage zote tukamaliza. Akasema, "Nikikupa tano utaona hukufanya kitu. Nikikupa moja utaona umebakiza moja."

Na shida yenyewe hakuieleza, aliiimba. Kwanza anaimba jinsi programu inavyoimba, na kosa lake, kwa sauti kavu ya simu, anaigiza mpaka ule mkwaruzo wa mwisho. Kisha anaimba inavyotakiwa iwe. Halafu ananyamaza. Nilikuwa namrekodi na kumtumia Zuhura, na Zuhura alikuwa ananiambia, "Huyu babu wako ndiye mteja pekee ninayemwelewa. Wengine wananiandikia haifanyi kazi, haifanyi kazi, sijui nini haifanyi." Tukisharekebisha, Mwalimu anapiga tena kutwambia kwamba sasa imekaa sawa. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kupiga simu kutwambia kitu kimekaa sawa.

Lakini ukimtazama mbele ya kwaya yake ungedhani ni mtu mwingine. Kule hapakuwa na shukrani. Alikuwa anapiga kofi moja tu, wimbo unakatika, na kidole chake kinakwenda moja kwa moja kwa aliyekosea hata kama amejificha nyuma ya mwenzake mnene. Aliyechelewa aliimbia nje, dirishani, mpaka mazoezi yaishe. Siku moja nilipomtembelea nilimwona mama mmoja mtu mzima akirudishwa mstari mmoja mpaka machozi yakamlenga, na Mwalimu akimwambia, "Tena." Nilimsuta jioni ile. Nilimwambia mbona sisi unatubembeleza kama mayai na hawa unawatwanga. Alishangaa kweli, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu.

"Mwanakwaya alisimama mbele ya altare akaahidi," akasema. "Nyie hamkuniahidi kitu. Mlinipa tu."

Natamani asingesema hivyo. Mtu akikuambia hukumwahidi kitu, na huku anakutegemea, unashikika zaidi kuliko kama angekusainisha.

Mkononi alikuwa na simu iliyopasuka kioo, ameizungushia kitambaa, na msimu wa kupulizia mikorosho ilikuwa inanuka dawa mpaka unapiga chafya. Aliandika kwa kidole kimoja, polepole, anaimba kila herufi kabla ya kuibonyeza. Vinanda vya umeme alivichukia. Alisema vinawafanya watu wawe wavivu wa kusikilizana. Lakini mara moja nilimkuta Masasi mjini, amesimama kwenye duka la vyombo vya muziki, anabonyeza kinanda kwa kidole kilekile, ameinamisha sikio, anatabasamu. Aliponiona akajifuta kidole kwenye suruali na kuniambia alikuwa anasubiri mvua ipungue. Mvua haikuwepo.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa king'ang'anizi, alijiona, na hakuna wimbo wa mtu mwingine aliowahi kuusifu mbele yangu bila kuongeza "lakini". Watunzi wenzake walimwogopa. Ila alijua kukukosoa ukaondoka umenyooka, na hilo nililiona vizuri zaidi siku ya wino mwekundu.

Zuhura alikuwa amesoma kwenye kitabu kimoja cha muziki kwamba sauti mbili hazitakiwi kutembea pamoja kwa umbali uleule. Akafurahi, akaiwekea programu macho ya kukagua: popote sauti zinapofuatana hivyo, inapaka rangi nyekundu na kuandika kosa. Mimi nikaipitisha, nikaona tumewafanyia watunzi jambo kubwa. Tulichosahau, na mimi sikuwa na haki ya kusahau maana nimekulia humuhumu, ni kwamba huku kwetu ndivyo tunavyoimba. Sauti ya pili inaifuata ya kwanza bega kwa bega, kwenye ngoma, kwenye msiba, shambani, na kanisani vilevile. Mwalimu akafungua nyimbo zake, zote zikawa nyekundu kuanzia juu mpaka chini.

Jumapili akapiga. Akatania, akashukuru. Kisha akasema, "Nimeona siku hizi programu inanisahihisha. Nimefurahi, maana tangu aliyenifundisha afariki sijasahihishwa na mtu." Akaimba wimbo wake kama alivyoutunga, akihama kati ya sauti ya kwanza na ya pili ili niusikie. Halafu akauimba vile programu ilivyotaka. Kila nota ilikuwa mahali pake, na wimbo ulikuwa umekufa.

"Shida yangu," akasema, "wakiimba hivi wanakuwa kama watu wasiojuana. Ukipata nafasi, mtani, iniachie nikosee."

Nilimtumia Zuhura rekodi. Yeye ni mtu wa kubishana, akitengeneza kitu hataki kiguswe. Alisikiliza, akanipigia akicheka mpaka akakohoa, na kabla ya magharibi rangi nyekundu ilikuwa imeondoka. Hakuudhika hata kidogo, na wiki ileile akaanza kujifunza kuandika nota ili amwelewe zaidi yule babu.

Sasa niseme kwa nini sikuweza kuondoka, kwa sababu nilitaka kuondoka. Nilioa, nikapata mtoto, shuleni nikaongezewa vipindi, na kila toleo jipya la simu lilikuwa linavunja kitu kwenye programu yetu. Mke wangu aliniuliza, bila hasira, kama ndoa yetu ni ya watu watatu. Lakini nilipoianza programu, kwa ubishi wa ujana, niliamua nyimbo zihifadhiwe kwa namna yetu wenyewe, isiyofunguka kwenye programu nyingine yoyote. Mwalimu alikuwa ameingiza humo nyimbo zake zote. Karatasi za zamani alizifungia kwenye kabati la sakristia, na alipokwenda kuzitazama akakuta mchwa wamezimaliza, wamebakisha majalada. Aliniambia habari hiyo akicheka. "Sasa nyimbo zangu ziko kwako," akasema. Yeye alidhani ananipa heshima. Mimi nilihisi mlango unafungwa kwa nje.

Basi ndivyo tulivyokaa, mpaka mwaka ule mvua zilipoanza na yeye akaleta shida mpya. Sauti ya kwanza, ile ya juu ya akina mama, haisikiki vizuri, alisema. Iko mbali. Zuhura akaiongeza. Jumapili iliyofuata akashukuru, akasema bado kidogo. Zuhura akaiongeza tena. Walimu wengine wakaanza kulalamika kwamba sauti ya kwanza inatoboa masikio, mmoja akasema mbwa wake anakimbia akiiwasha. Nikafanya jambo la kijinga: nikamwomba Zuhura tutengeneze toleo la Mwalimu peke yake, lenye sauti ya kwanza kali, na wengine tuwaachie la kawaida. Kwa hiyo nikawa na programu mbili za kutunza badala ya moja iliyokuwa inanishinda. Na bado akapiga. Safari hii alisema nota za juu hazipo kabisa. Akaniimbia shida kama kawaida yake. Akaimba sauti ya kwanza inapanda, inapanda, kisha akaacha kimya mahali pa nota za juu, akaendelea inaposhuka.

Zuhura alisikiliza rekodi ile, akanipigia.

"Kaka," akasema, "zile nota zipo. Nimezipima. Babu hasikii."

Nilimkasirikia. Nikamwambia apime tena. Akasema amepima, na kwamba mimi mwenyewe najua.

"Mwambie basi," akasema.

"Mwambie wewe."

"Mimi sijawahi hata kumwona. Anayeitwa mtani ni wewe."

Nilikaa na jambo lile mvua nzima. Jumapili akipiga nilikuwa nasema tunaliangalia, Mwalimu, tunaliangalia. Nikimwambia, namtoa mbele ya kwaya, na mbele ya kwaya ndipo alipokuwa anaishi, shamba na nyumba vilikuwa mahali pa kusubiria mazoezi. Nisipomwambia, naendelea kumtengenezea kitu ambacho hakijaharibika. Sikuona upande wa kutokea, na niliogopa simu yangu mwenyewe.

Shule zilipofungwa nilishuka Masasi kwa semina, na ilipokwisha nikachukua bodaboda hadi kwake. Sikumpa taarifa. Mkewe alinipokea uani, anapepeta mahindi.

"Karibu Baba Neema. Mwenzio yuko mazoezini." Kisha akaweka ungo chini, akanisogelea. "Umekuja kumwambia?"

Nikauliza, kumwambia nini, Mama?

"Usijifanye. Humu ndani redio inasikika mpaka kwa jirani. Wewe una sauti nzito, anakusikia, mimi namjibu kwa kelele mpaka watu wanadhani tunagombana." Akatazama njia ya kanisani. "Usimwambie, baba. Akitoka kwenye ile kwaya, mimi nitamweka wapi?"

Nilikwenda kanisani nikakaa benchi la mwisho. Mwalimu alikuwa mbele amenipa mgongo, mikono inacheza kama zamani, na kwaya inaimba wimbo wake ninaoujua vizuri, wimbo wa polepole wa Ijumaa Kuu. Akina mama wa sauti ya kwanza walikuwa wanapiga kelele. Hawakuwa wanaimba. Mishipa ya shingo imewatoka, wamekodoa macho, na sauti ya pili na ya tatu wamefunikwa kabisa. Kabla ya kila ubeti mama mmoja wa mbele alikuwa anatoa mlio wa puani kuwapa wenzake pa kuanzia, maana Mwalimu alikuwa anawaanzisha chini mno. Yule mama ndiye aliyerudishwa "tena" mpaka machozi, ile siku. Nikaelewa kwamba wote wanajua, na kwamba msimu mzima kwaya nzima ilikuwa inafanya kama nilivyofanya mimi na Zuhura.

Aliponiona alifurahi sana. Akawapumzisha, akanishika mkono tukatoka barazani.

"Afadhali umekuja usikie mwenyewe," akasema. "Programu na hawa akina mama ni mamoja. Pale juu panapotea. Nawaambia ongezeni, ongezeni, hawaongezi."

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, na yote yalinitoka. Nikafanya alivyokuwa ananifanyia yeye. Nikaanza kuimba ngazi ya nota, herufi kwa herufi, nikipanda. Sauti yangu ni ya besi, kwa hiyo huko juu nilikuwa natumia ile sauti nyembamba ya kuigiza wanawake, na niliona aibu, lakini sikuacha. Yeye alinitazama usoni. Nilipofika juu kabisa nikaendelea kushika nota ileile, nikaishika mpaka pumzi ikakaribia kuisha.

"Mbona umenyamaza na mdomo uko wazi?" akauliza.

"Sijanyamaza, Mwalimu. Bado naimba."

Akanifanya nirudie, safari hii akaweka kiganja chake kifuani kwangu. Nikaimba. Kifua kikatetema kwa sauti chini ya kiganja. Kisha akakitoa.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu mvua."

"Mke wangu?"

Nikainamisha kichwa.

"Na hao?" Alielekeza kidevu mlangoni. Wanakwaya walikuwa wamesogea wanatusikiliza, wakarudi nyuma haraka. Nikasema nao wanajua.

Nilitegemea ataumia kwa ajili ya masikio yake. Alikasirika, na hasira yake haikuwa hapo kabisa. "Msimu mzima," akasema. "Msimu mzima mmeniacha nawaharibia watu uimbaji. Ijumaa Kuu wanamlilia Bwana kama wanauza samaki, na mimi ndiye niliyewaagiza, na mmekaa kimya mnanionea huruma." Nilimwambia nisamehe, Mwalimu. Akasema tutazungumza hilo baadaye, na kwamba lile toleo lake nilifute leo, asibaki nalo hata siku moja. Nikasema sawa. Nilitaka kulia, na papo hapo nilikuwa nimepata pumzi kama mtu aliyetoka chini ya gunia.

Akaingia ndani. Wanakwaya wakasimama, wakajipanga. Yeye akapita mbele bila kusimama pale anaposimama siku zote, akazunguka nyuma, akajibanza kati ya wanaume wawili wa besi. Pale mbele pakabaki wazi. Hakuna aliyejua atazame wapi.

"Mama," akamwita yule wa mlio wa puani, "njoo uwaanzishe. Kwa sauti ya kusikiwa na wote, si kwa pua."

Mama yule akaja mbele, mikono ameikunja tumboni. Akatoa nota, safari hii mahali pake penyewe, wakaanza, na sauti ya kwanza kwa mazoea wakapiga kelele. Likasikika kofi moja kutoka nyuma. Wimbo ukakatika.

"Akina mama," akasema, "imbeni kama wimbo unavyotaka. Taratibu. Mimi msinitafute."

Wakaanza tena, taratibu, na kwa mara ya kwanza mchana ule nikaisikia sauti ya pili ikitembea bega kwa bega na ya kwanza, chini kidogo tu, na wimbo ukawa wimbo. Mwalimu alikuwa amekaza macho kwenye midomo yao. Zamu ya besi ilipofika akaingia na wenzake, hakukosea.